Elimu ya Masafa Vyuo Vikuu: Wengi Wanadahiliwa, Wangapi Wanahitimu?

Mjadala wa elimu ya masafa katika vyuo vikuu una tabia ya kugeuka haraka kuwa mjadala wa vifaa: kasi ya intaneti, ubora wa jukwaa la kufundishia, aina ya kompyuta aliyonayo mwanachuo. Si ajabu, kwa kuwa vifaa ndivyo vinavyoonekana na ndivyo vinavyouzwa. Hata hivyo, elimu hii iliitangulia kompyuta kwa takriban karne nzima, na maswali yake makubwa yalikuwapo tangu ilipokuwa ikisafirishwa kwa bahasha. Mwaka 1840 Isaac Pitman alianza kuwafundisha Waingereza hatimkato kwa njia ya posta. Wanafunzi walifanya mazoezi, wakayarudisha, naye akayasahihisha na kuwapelekea tena. Mwaka 1858 University of London ilifanya jambo jingine: ilifungua mitihani yake ya shahada kwa watahiniwa ambao hawakuwa wamesoma katika chuo chochote ilichokitambua. Milango hiyo, ni vyema kukumbuka, ilifunguliwa kwa wanaume tu. Wanawake walisubiri hadi mwaka 1878 ndipo chuo hicho kikawaruhusu kuwania shahada zake.

Matukio haya mawili huwekwa katika historia moja, ilhali yanatofautiana sana. Pitman alifundisha kwa mbali. London ilitahini kwa mbali, na kazi yote ya kujifunza ikamwachia mtahiniwa mwenyewe. Kwa maoni yangu, karibu kila sifa na karibu kila lawama inayoelekezwa kwa elimu ya masafa leo inaweza kupimwa kwa kuuliza chuo husika kinafuata njia ipi kati ya hizo mbili. Tatizo ni kwamba vyuo vingi hutangaza njia ya Pitman, hutoza ada inayolingana nayo, kisha hutekeleza njia ya London.

Faida za mfumo huu ni kubwa, na wanaoubeza mara nyingi ni watu ambao hawakuwahi kuuhitaji. Mfanyakazi mwenye familia hawezi kuacha kazi miaka mitatu au minne ili akakae bwenini. Tunapozungumzia gharama za elimu ya juu huwa tunataja ada kwanza, lakini kwa mtu mzima gharama iliyo nzito zaidi mara nyingi ni mshahara anaoukosa katika miaka ya masomo, pamoja na nafasi ya kazi ambayo huenda asiikute akirudi. Elimu ya masafa humwondolea mzigo huo. Vivyo hivyo kwa anayemuuguza mzazi, kwa mwenye ulemavu ambaye majengo ya chuo hayakujengwa kwa kumfikiria, kwa askari anayehamishwa kila mara, na hata kwa mfungwa. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka University of South Africa mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Chuo hicho kilikuwa kikifundisha kwa masafa tangu mwaka 1946, na katika miaka ya ubaguzi wa rangi kiliwasomesha watu wengi ambao vyuo vya kawaida vya nchi yao viliwafungia milango.

Iko faida nyingine ambayo hutajwa mara chache, nayo inahusu ubora wa ufundishaji wenyewe. Mhadhara unaotolewa darasani hupotea mara tu mhadhiri anapotoka; kama ulikuwa mzuri au mbovu, wanaojua ni wanachuo waliokuwapo, na kati yao ni wachache watakaothubutu kusema. Somo la masafa, kwa upande wake, lazima liandikwe au lirekodiwe, na kilichoandikwa husomwa na wengine. Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, ilijenga utaratibu wake juu ya msingi huu: somo moja liliandaliwa na jopo la wataalamu, wakasomeana rasimu, wakakosoana, na baadhi ya vipindi vikatangazwa na BBC ambako jirani, mwanasiasa au profesa wa chuo kingine angeweza kuvitazama na kutoa hukumu yake. Wahadhiri wachache wangekubali kazi yao ya kila wiki ikaguliwe kwa kiwango hicho. Ndiyo maana chuo hicho, ambacho kilidahili watu bila kudai sifa za awali za masomo na kilipoanza kilidhihakiwa, kilipata heshima ndani ya muda mfupi. Mfano wake uliigwa kwa namna mbalimbali: FernUniversität in Hagen nchini Ujerumani mwaka 1974, Indira Gandhi National Open University nchini India mwaka 1985, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992.

Serikali nyingi, hata hivyo, hazikuvutiwa na ubora kwanza. Zilivutiwa na hesabu. Otto Peters, msomi wa Kijerumani aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha Hagen, alieleza tangu miaka ya 1960 kwamba elimu ya masafa ni ufundishaji ulioingia katika taratibu za kiwanda: kazi inagawanywa, anayeandika somo si yule anayelisahihisha, na gharama kubwa hulipwa mwanzoni. Kuandaa somo zuri ni ghali, lakini likishakuwa tayari, mwanafunzi wa elfu kumi haongezi gharama kubwa kuliko wa elfu moja. Kwa hesabu hiyo vilizaliwa vyuo vyenye wanafunzi zaidi ya laki moja kila kimoja, na vingine, kama kile cha India na Anadolu University cha Uturuki, vikapita milioni.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa sehemu moja tu ya kazi. Kitabu cha somo kinaweza kunakiliwa mara milioni, lakini insha ya mwanafunzi mmoja lazima isomwe na mtu mmoja, kwa dakika zile zile ambazo ingesomwa mwaka 1840. Kuijibu barua ya mwanafunzi aliyekwama katika sura ya tatu hakupungui bei kwa sababu wenzake ni wengi. Kama kuna badiliko, bei hupanda, maana wanaokwama pia huongezeka. Elimu ya masafa hupunguza gharama ya kusambaza maarifa, na haipunguzi hata kidogo gharama ya kumsikiliza anayejifunza. Chuo kinachotafuta kubana matumizi kitakuta kwamba mahali pekee palipobaki pa kukata ni hapo, kwa mkufunzi. Na kikikata hapo, hakuna kitakachoonekana kuharibika kwa muda: tovuti itakuwa hewani, moduli zitapakuliwa, udahili utapanda. Madhara huonekana miaka kadhaa baadaye, katika orodha ya wahitimu iliyo fupi kuliko ilivyotarajiwa.

Ulimwengu uliliona jambo hili kwa uwazi wa pekee kati ya mwaka 2011 na 2013. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kwa umma somo la akili mnemba la Stanford, na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha. Mwaka uliofuata yakaibuka majukwaa ya masomo ya mtandaoni ya Coursera, Udacity na edX, na zikaja bashiri kwamba vyuo vikuu vya kawaida havitadumu. Mwanzoni mwa mwaka 2013 San José State University iliingia ubia na Udacity kutoa masomo ya hisabati na takwimu kwa mtandao. Kabla ya mwaka huo kwisha majaribio yalisitishwa kwa muda, kwa kuwa viwango vya kufaulu vilikuwa chini ya vile vya darasani. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walipochambua takwimu za masomo ya wazi ya Harvard na MIT na kuchapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 2019, walikuta kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018 waliokamilisha somo walikuwa takriban 3 katika kila 100 waliojiandikisha.

Haki itendeke: kujiandikisha katika somo la bure ni jambo la kubofya mara moja, na wengi wanaofanya hivyo hawana nia ya kumaliza. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba miongoni mwa waliolipia cheti karibu nusu walikamilisha. Kwa hiyo takwimu ya 3 katika 100 haitoshi kuihukumu elimu ya masafa yote. Inachoonyesha ni jambo finyu zaidi, ambalo hata hivyo lina uzito: maarifa bora kabisa yanayotolewa bure na maprofesa wa vyuo mashuhuri duniani hayatoshi kumfikisha mtu mwisho wa somo.

Je, anayefika mwisho anakuwa amejifunza sawasawa na mwenzake wa darasani? Majibu ya watafiti yanatofautiana, na tofauti hiyo ina mafunzo yake. Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilichapisha majumuisho ya tafiti nyingi, yakionyesha kwamba kwa wastani waliosoma kwa mtandao walifanya vizuri kidogo kuliko wa darasani, hasa pale mtandao ulipochanganywa na vipindi vya ana kwa ana. Waandishi wenyewe walitahadharisha kwamba faida hiyo huenda ilitokana na muda wa ziada wa kusoma na nyenzo za ziada, si na mtandao. Mwaka 2017 Eric Bettinger na wenzake walichapisha katika American Economic Review utafiti kuhusu chuo kikubwa cha Marekani kinachoendeshwa kwa faida, ambako somo moja hutolewa kwa njia zote mbili, kwa kitabu kile kile, mtaala ule ule na idadi ile ile ya wanafunzi kwa darasa. Waliosoma kwa mtandao walipata alama za chini, walifanya vibaya zaidi hata katika masomo yaliyofuata, na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuacha chuo. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa na alama dhaifu tangu awali.

Matokeo haya ya mwisho ndiyo yanayonisumbua zaidi kuliko mengine yote, kwa sababu yanaugusa utetezi mkuu wa mfumo wenyewe. Tunasema elimu ya masafa ni kwa ajili ya wale walioachwa nyuma: waliotoka katika shule dhaifu, waliokatiza masomo, waliorudi kusoma wakiwa na umri mkubwa. Kumbe wanaofaidi kwa urahisi ni wale ambao tayari wanajua kusoma peke yao, kujipangia ratiba, kuandika insha na kuvumilia kutokuelewa kwa siku kadhaa. Ujuzi huo hauzaliwi na mtu. Mara nyingi ni matunda ya shule nzuri. Mwenye nao angefaulu hata kwa njia ya London. Asiye nao huambiwa kwamba yuko huru kusoma wakati wowote apendao, na baada ya miezi michache hugundua kwamba wakati huo hauji, kwa maana kila mtu nyumbani na kazini ana madai yake juu ya saa zile zile. Ratiba ya darasa, ambayo sisi sote tulizoea kuilalamikia, ilikuwa ikimfanyia kazi ya kumlinda dhidi ya madai hayo, wala hakuna aliyewahi kuiandika kazi hiyo katika bajeti.

Mtaalamu wa elimu ya masafa Michael Moore aliwahi kujenga nadharia inayosaidia hapa. Alidai kwamba umbali unaohusika katika elimu haupimwi kwa kilomita. Ni pengo la uelewa na mawasiliano kati ya mwalimu na mwanafunzi, ambalo hupanuka au kupungua kutegemea kiasi cha mazungumzo baina yao, namna somo lilivyopangwa na uwezo wa mwanafunzi wa kujitegemea. Kwa kipimo hicho, mwanachuo aliyeketi safu ya nyuma katika ukumbi wa watu mia tano, ambaye mhadhiri hajui jina lake na ambaye karatasi yake itarudishwa bila neno lolote zaidi ya alama, yuko mbali kuliko yule wa mkoa wa mwisho ambaye mkufunzi wake humpigia simu anapochelewa kuwasilisha kazi. Wanaotetea darasa la kawaida hupenda kulilinganisha darasa bora wanalolikumbuka na somo bovu la mtandaoni walilolisikia. Ukumbi wa mia tano huwa hawautaji.

Mwaka 2020 ulivuruga mjadala huu vibaya. Janga la UVIKO-19 lilipofunga taasisi za elimu, UNESCO ilikadiria kwamba wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani waliathirika, na vyuo vikuu vikahamia mtandaoni ndani ya wiki chache. Kilichofanyika kilikuwa kufundisha kwa dharura: mhadhara uleule wa saa mbili, ukisomwa kutoka kwenye slaidi zilezile, mbele ya skrini yenye visanduku vyeusi. Hakukuwa na jopo la waandaaji, hakukuwa na wakufunzi, wala nyenzo zilizoandikwa ili zisomwe na mtu aliye peke yake. Hata hivyo kizazi kizima cha wanachuo na wahadhiri kinaamini kwamba kimeijaribu elimu ya masafa na kimeiona mwisho wake. Wakuu wa vyuo nao walijifunza somo lao, ambalo nadhani ni baya zaidi: kwamba inawezekana kuendelea kutoza ada bila ukumbi.

Urithi mmoja wa kipindi hicho unastahili kupingwa waziwazi, nao ni imani kwamba kipindi cha video cha moja kwa moja ndicho kiini cha elimu ya masafa. Kipindi cha namna hiyo humlazimisha mwanafunzi awepo saa fulani, hivyo humnyang'anya faida iliyomleta. Na humtaka awe na intaneti yenye kasi, katika dunia ambayo Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2023 kuwa watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti kabisa. Kitabu kilichoandikwa vizuri, sauti iliyorekodiwa inayoweza kupakuliwa mara moja na kusikilizwa mara kumi, na ujumbe mfupi wa mkufunzi huwafikia watu wengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Havipendezi katika vipeperushi vya chuo, na pengine ndiyo sababu havipewi fedha.

Kuhusu fani zinazohitaji mikono, sitakaa sana, kwa kuwa wengi wanakubaliana. Daktari hawezi kujifunza kumpima mgonjwa kwa kusoma tu, na mhandisi lazima ashike kifaa. Open University iliwahi kuwatumia wanafunzi wake vifaa vya majaribio nyumbani, zikiwamo hadubini, na ikawaita katika mafunzo ya wiki moja ya kiangazi. Ilifanya kazi kwa sayansi za msingi, na ilikuwa ghali. Panapohitajika wodi au karakana, mfumo mseto ndio jibu, na anayeahidi vinginevyo anauza cheti.

Kinachopotea kimyakimya zaidi ni mtandao wa watu. Chuo kikuu ni mahali ambapo mtu humkuta atakayekuwa mshirika wake wa biashara, mtafiti mwenzake, au yule atakayemwambia kwamba nafasi fulani ya kazi imetangazwa. Mtoto wa wenye nafasi ana watu hao nyumbani kwao; anayetoka katika familia isiyo na mhitimu hata mmoja aliwategemea wenzake wa bwenini. Shahada ya masafa humpa huyu wa pili maarifa na cheti, na kumwacha bila wa kumpigia simu. Sijaona chuo kilichotatua tatizo hili kikamilifu, ingawa vikundi vidogo vya kusomea pamoja katika vituo vya mikoa hupunguza makali yake, hasa chuo kinapoviratibu chenyewe badala ya kuwaachia wanafunzi.

Kisha kuna mtihani. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, insha iliyoandikiwa nyumbani haitoshi tena kuthibitisha kwamba mwandishi wake anajua alichoandika. Baadhi ya vyuo vilikuwa vimeshakimbilia programu zinazomchunguza mtahiniwa kupitia kamera ya kompyuta yake, zikirekodi chumba chake na mwendo wa macho yake. Binafsi naziona kuwa dharau kwa mwanafunzi, na isitoshe humdhulumu anayeishi chumba kimoja na watu wengine watatu. Vyuo huria vya zamani vina unafuu hapa: vilizoea kuwakusanya watahiniwa katika vituo vya mitihani chini ya wasimamizi. Mtihani wa mdomo nao unarudi, japo kwa wanafunzi wengi ni ghali, kwa sababu ileile ya mkufunzi: mtu mmoja, dakika ishirini, mwanafunzi mmoja.

Mamlaka za ithibati zimechelewa kuelewa haya. Katika nchi nyingi vigezo vya kukitambua chuo viliandikwa kwa kuangalia majengo: ukubwa wa kumbi, viti vya maktaba, idadi ya wahadhiri wenye shahada ya uzamivu. Kwa chuo cha masafa, sehemu kubwa ya vigezo hivyo haimwambii mwombaji lolote. Ningependa kila chuo cha namna hiyo kilazimishwe kuchapisha, kwenye ukurasa uleule kinapotangazia ada, takwimu tatu za kila programu: katika kila wanafunzi 100 waliodahiliwa miaka sita iliyopita, wangapi wamehitimu, mkufunzi mmoja anahudumia wanafunzi wangapi, na kazi iliyowasilishwa hurudi na maoni yaliyoandikwa baada ya siku ngapi. Takwimu ya kwanza vyuo vingi tayari vinayo. Ya pili hupatikana kwenye orodha ya mishahara. Ya tatu mfumo wa kompyuta wa chuo huirekodi wenyewe kila kazi inapowasilishwa na kila inaporudishwa, kwa hiyo chuo kitakachodai kuwa hakiijui kitakuwa kimeamua kutoitazama.